Dawa za sukari: soma herufi tatu za kwanza

Chukua pakiti ya dawa yako ya sukari, isogeze penye mwanga. Jina kubwa lililochapwa mbele liache kwanza. Hilo ni la kampuni. Tafuta lile dogo lililo chini yake, jina la dawa yenyewe. Likianza na herufi g, l, i, kama glibenklamaidi, gliklazidi, glimepiridi au glipizidi, basi mkononi una dawa inayoweza kuishusha sukari yako kupita kiasi siku ambayo hukula. Ikiwa ni metifomini peke yake, hatari hiyo ni ndogo mno.

Natamani kila mwenye kisukari cha aina ya pili hapa Mombasa, na kila anayemtunza, alijue hilo kabla ya mengine yote. Wengi hujua vidonge vyao kwa umbo: "kile cheupe kikubwa" na "kile kidogo". Kile kikubwa mara nyingi ni metifomini ya miligramu 500 au 850. Kidogo mara nyingi ni gli, na hudharauliwa kwa udogo wake.

Herufi hizo zitafute mwanzoni mwa jina, si katikati. Sitagliptini, vildagliptini na empagliflozini zina "gli" tumboni, lakini ni jamaa wengine kabisa. Glucophage nayo ni metifomini. Inaanza na glu. Daonil ndani yake ni glibenklamaidi, Diamicron ni gliklazidi, Amaryl ni glimepiridi. Kisha viko vidonge vya mchanganyiko, kimoja kimebeba metifomini na gli pamoja. Hapo ndipo watu huumia: mgonjwa anapewa mchanganyiko kliniki moja, akienda kwingine kwa shida tofauti anaandikiwa gli yenye jina jingine la kampuni, naye anameza zote akidhani ni dawa mbili. Ni dawa ile ile mara mbili. Ukipewa pakiti mpya, ilinganishe na za zamani, jina dogo kwa jina dogo, kabla hujaondoka dirishani.

Insulini ihesabu pamoja na gli. Yote nitakayosema kuhusu sukari kushuka yanaihusu pia.

Kwa nini gli huangusha

Gli hulisukuma kongosho litoe insulini. Hulisukuma tu, umekula au hukula. Metifomini kazi yake kubwa iko kwenye ini, kulizuia lisimwage sukari nyingi damuni, kwa hiyo ukikosa mlo haikuvuti chini namna ile.

Katika gli zote, glibenklamaidi ndiyo ya kuchungwa zaidi. Nguvu yake huweza kudumu siku nzima, na ini likishaivunja, mabaki yake bado yana uwezo wa kushusha sukari na hutegemea figo kutoka mwilini. Figo zikichoka, mabaki hujikusanya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaonya kwamba haifai kwa waliopita miaka 60, na gliklazidi ndiyo iliyopewa nafasi. Lakini glibenklamaidi ni rahisi na imezoeleka, kwa hiyo bado utaikuta kwenye mikoba ya wazee wengi. Kama mama au babu yako wa miaka 70 anaimeza, usimwachishe wewe mwenyewe. Mpeleke kliniki uulize neno kwa neno: "Je, anaweza kubadilishiwa gliklazidi, na figo zake zimepimwa lini?" Swali hilo moja lina uzito kuliko ushauri mwingi wa lishe.

Siku za hatari zinajulikana. Mtu amemeza kidonge saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi, akiahidi kula akifika kazini, kisha foleni ya feri Likoni ikamla saa nzima. Siku ya maziko, ambapo hakuna anayekumbuka kula. Siku ya kubeba mizigo au kulima kuliko ilivyozoeleka. Siku ya homa, hamu ya chakula imekatika, kidonge kimemezwa kama kawaida. Kanuni ya gli ni fupi: sahani kwanza iwe mezani, ndipo kidonge kiingie kinywani. Hakuna chakula, hakuna gli. Dozi iliyokupita usiifidie kwa kumeza mbili baadaye.

Sukari ikishuka

Dalili za mwanzo ni jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Zikifuatwa na ulimi mzito, hasira isiyo na sababu au macho kuona ukungu, ubongo umeanza kukosa sukari. Anayetumia propranololi au atenololi kwa ajili ya presha huenda asisikie kutetemeka wala moyo kudunda. Jasho hubaki, basi alitazame hilo.

Kwa mzee dalili huweza kuwa moja tu: amechanganyikiwa. Anataja watu waliokwisha kufa, anasinzia mchana, au upande mmoja wa mwili umelegea kama aliyepigwa na kiharusi. Huku kwetu jambo la kwanza linalowajia wengi ni jini, na mtu huitwa kuja kumsomea. Dua ina mahali pake na sitaki mtu aiache. Lakini mkono ukiwa bado unafungua msahafu, mkono mwingine umchome kidole apimwe sukari. Kama mashine haipo na mtu anatumia gli au insulini, mhesabu kuwa sukari imeshuka, mpe tamu. Sukari ikiwa kumbe imepanda, vijiko vichache havitaongeza madhara makubwa. Ikiwa imeshuka na hukumpa, ubongo ndio unaoumia.

Chini ya 4 kwenye mashine (kwa kipimo cha mmol/L) ni kushuka. Tia vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya nusu gilasi ya maji, ukoroge, anywe. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ile ya kawaida, si ya zero. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4? Rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni: kipande cha mkate, muhogo, ndizi.

Makosa yanayorudiwa ni kutoa halua au kashata. Ni tamu, kweli, lakini samli ya halua na nazi au njugu za kashata huchelewesha sukari kufika damuni, na wewe unahitaji dakika, si nusu saa. Madafu nayo sukari yake ni kidogo kwa kazi hii. Na mtu asiyeweza kumeza usimtie chochote kinywani, hata asali, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali na pakiti zake zote mkononi.

Huko hospitali, kama dawa aliyomeza ni gli, waambie mapema. Watamtia maji ya sukari kwenye mshipa, atafumbua macho, atazungumza, na familia itataka kumrudisha nyumbani. Msiharakishe. Gli bado imo mwilini na sukari huweza kuanguka tena usiku. Mtu wa namna hii huhitaji kukaa na kupimwa mara kwa mara, mara nyingi siku nzima au zaidi. Kisha ulizeni dozi: sukari ikishuka hivyo mara moja, ile dozi haifai kuendelea bila kuangaliwa upya.

Metifomini na uvumi wa figo

Hakuna dawa inayosingiziwa kama hii. "Inaua figo" ni maneno ya kila baraza. Metifomini haiharibu figo. Ni figo zilizokwisha kuharibika, na sukari yenyewe au presha, zinazoshindwa kuitoa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa wanene waliotibiwa kwa metifomini walikufa wachache kuliko waliofuata lishe peke yake. Anayeiacha kwa sababu ya uvumi anaacha kitu chenye ushahidi mzuri.

Kinachotakiwa ni kipimo. Ukipimwa kriatinini, kile kipimo cha damu cha figo, omba maabara au daktari akupe ile nambari ya uchujaji wa figo, imeandikwa eGFR. Ikiwa 45 au zaidi, metifomini kwa kawaida inaendelea. Kati ya 30 na 45 dozi hupunguzwa, mara nyingi isizidi miligramu 1000 kwa siku. Chini ya 30 inasimamishwa, kwa sababu ikijikusanya inaweza kuchangia asidi ya laktiki kuzidi damuni, jambo la nadra lakini linaloua. Figo zikiwa nzima, kipimo mara moja kwa mwaka kinatosha. Zikishuka, kila miezi mitatu hadi sita.

Ukiharisha sana au kutapika, simamisha metifomini mpaka urudi kula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili, na upige simu au ufike kliniki. Vivyo hivyo kama utapigwa picha ya CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani: mwambie wa picha kuwa unatumia metifomini, na nambari ya figo ni ngapi.

Kuharisha kwa metifomini yenyewe hutokea sana wiki za kwanza, na wengi huitupa hapo. Shida mara nyingi ni kuanzia juu. Inaanzwa kwa 500 mara moja kwa siku, katikati ya chakula, si kabla, kisha inaongezwa wiki kwa wiki. Tumbo likikataa, uliza ile inayoyeyuka polepole. Hiyo usiivunje wala kuitafuna, na usishtuke ukiona ganda lake chooni. Dawa ilishatoka ndani.

Ukiitumia miaka mingi, vitamini B12 hushuka. Ganzi na kuwaka miguuni, ambavyo kila mtu hudhani ni sukari, huenda vikawa ni upungufu huo, na unatibika. Omba ipimwe.

Kinachoua figo kwa kasi, na hakisemwi barazani, ni diklofenaki na brufeni zinazonunuliwa kila mgongo ukiuma, zikamezwa pamoja na dawa ya presha na ile ya kukojoza maji. Muulize mfamasia paracetamol kwanza.

Dawa za magonjwa mengine

Mweleze kila anayekuuzia dawa: "Nina sukari na natumia kadha wa kadha." Siprofloksasini, ambayo hutolewa kwa homa ya matumbo na mkojo, na Septrin, zote zikikutana na gli zinaweza kuangusha sukari vibaya. Flukonazoli ya fangasi pia. Kwinini ya malaria inashusha sukari hata peke yake. Upande wa pili, prednisoloni na deksamethasoni, pamoja na zile sindano za pumu au za viungo, hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Pima zaidi siku hizo. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya gli, na tiba ikiisha nguvu hurudi, kwa hiyo dozi iliyoongezwa inapaswa kuteremshwa.

Na hili lisemwe waziwazi bila haya: dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini, huongeza kiasi cha metifomini damuni. Anayetumia zote mbili kwa kawaida hawekwi zaidi ya miligramu 1000 za metifomini kwa siku. Kliniki hizi mbili mara nyingi zina vyumba tofauti na faili tofauti. Mgonjwa ndiye daraja.

Karela, mlonge na mwarobaini vina watu wao. Shauri langu ni moja: usiongeze juu ya gli bila kupima sukari, kwani vikishusha hata kidogo, gli inamalizia. Unga au vidonge vya "dawa asili" vinavyoshusha sukari ndani ya siku mbili viogope zaidi. Katika nchi kadhaa dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na glibenklamaidi, bila neno kwenye lebo.

Katika dawa nyingine za sukari, pioglitazoni huvuta maji mwilini. Miguu ikivimba au pumzi ikikata ukilala, rudi haraka, na mwenye moyo dhaifu asipewe. Empagliflozini na dapagliflozini hutoa sukari kwa njia ya mkojo. Ni nzuri kwa moyo na figo, lakini huleta fangasi sehemu za siri, hukausha maji mwilini katika joto letu, na mara chache husababisha sumu ya asidi hata mashine ikionyesha sukari si ya juu sana. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu ukiwa unazitumia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Husimamishwa siku kadhaa kabla ya operesheni.

Insulini katika joto la kaskazi

Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka. Iliyofunguliwa hukaa nje wiki nne, mahali pa baridi. Kama huna friji, mtungi wa udongo hufanya kazi: weka chupa ndani ya mfuko usiopenya maji, mfuko ndani ya mtungi mdogo, nao ndani ya mkubwa wenye mchanga uliolowa kati yao, kivulini penye upepo. Usiiache kwenye gari wala juu ya dirisha.

Mililita moja ina yuniti 100. Tumia sindano ya insulini yenyewe, iliyoandikwa 100, maana ya kawaida huleta makosa ya mara kumi. Kadi ikiandikwa "10U" kwa mkono, herufi U husomwa sifuri na 10 ikawa 100. Omba waandike "yuniti" kwa kirefu. Ile ya rangi ya maziwa iviringishe viganjani mara kumi kabla ya kuvuta, usiitikise.

Kufunga

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, jua la kaskazi, na saumu yetu ni saa 13 na ushei. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla. Wiki ya mwisho hakuna nafasi ya kujaribu dozi mpya. Metifomini ya mara mbili huhamia futari na daku. Gliklazidi au glimepiridi ya mara moja huhamia futari. Ya mara mbili, ile ya daku kwa kawaida hupunguzwa. Glibenklamaidi ni bora ibadilishwe. Insulini ya daku hupunguzwa pia, na kiasi chake apange daktari wako.

Pima sukari mchana. Wanazuoni wengi wamesema tone la damu kidoleni halifunguzi. Saa za kuchunga ni kuanzia alasiri hadi magharibi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapo hapo, hata adhana ikiwa imebaki dakika kumi. Kwa iliyoshuka, tende tatu na maji.

Wapi pa kwenda

Anzia karibu. Tangu Septemba 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, na mkoba wao una mashine ya sukari na ya presha. Muulize mzee wa mtaa mhudumu wa nyumba zenu ni nani. Zahanati inatosha kwa kupima na kujaziwa dawa. Tudor, Port Reitz na Likoni ni hospitali za kaunti ndogo; uliza siku ya kliniki ya sukari kabla ya kwenda, kwani si kila siku. Coast General, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, ni ya rufaa: kidonda cha mguu, figo zilizoshuka, sukari isiyokamatika. Nenda na barua.

Kuhusu bima ya afya ya serikali, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kujisajili ni kwa *147#. Jisajili na ulipe kabla ya kuugua. Na kabla ya kuandikiwa kitu, uliza dirishani kipi kinalipwa hapo na kipi utatoa mfukoni, kwa maana dawa huweza kuwa kwenye orodha na rafu ikawa tupu.

Mashine ya sukari inunue kwa kuangalia bei ya stripu, vile vipande vya kupokelea tone la damu. Mashine ni ya mara moja, stripu ni za maisha, na za kampuni moja haziingii kwa nyingine. Kikopo kifunge papo hapo, kwani unyevu wa pwani huziharibu. Nawa mikono kwanza. Maji ya embe kidoleni yatakupa namba ya uongo. Kununua stripu ni wasaa mzuri wa chama: watu watano wenye mashine za aina moja wakachanga kununua maboksi, wakakumbushana na tarehe za kliniki. Diabetes Kenya ni chama cha kitaifa cha wagonjwa, na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, huwa na upimaji wa bure sehemu nyingi.

Dawa ikikudhuru, mwambie mfamasia ajaze fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ukishuku dawa ni mbovu, rangi imebadilika au haishushi kitu, kuna fomu ya waridi. Hifadhi pakiti yenye nambari ya toleo; bila hiyo uchunguzi haufiki mbali.

Siku ya kliniki beba dawa zote ndani ya mfuko mmoja, hata za presha, hata za miti. Beba namba zako za wiki mbili: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo. Omba HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kila miezi mitatu mpaka itulie, kisha kila sita. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7, kwa mzee dhaifu anayetumia gli lengo hulegezwa ili asianguke. Kata karatasi ndogo, andika jina lako, majina madogo ya dawa zako na dozi, nambari ya figo na tarehe yake, na simu ya mtu wa nyumbani. Iweke nyuma ya kitambulisho, na mfuko wa shati uwe na vipakiti viwili vya sukari.